Mbwa Mwitu Walioanguka

Mwanangu nusura achanjwe chale kwa sababu ya neno la herufi nne. Si tusi. Ni neno la Kiingereza, fell, na aliyelifasiri vibaya ni mimi mwenyewe, mwenye cheti cha kidato cha nne. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani natafuta wa kumtupia lawama. Wa kulaumiwa wako wengine, nitawafikia, ila mimi ndiye niliyetangulia kwenye foleni.

Miaka hiyo kila kitu kilikuwa ruksa. Madukani zilirudi sabuni za rangi zote, mtu ukasahau kwamba juzi tu tulikuwa tunafua kwa majani ya mpapai. Sisi tuliomaliza shule tukitegemea kuajiriwa, tukakuta waajiri wenyewe wanafungasha. Mume wangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Shamba likapata mwenyewe mpya, makarani wakaambiwa wakapumzike. Akaenda Mererani kuchimba mawe. Mimi nikabaki Manundu, hapo Korogwe, na mtoto wa miaka minne, nikawa nauza mitumba ya watoto sokoni. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nilikuwa na hasira toka naamka mpaka nalala. Watu waliniita mkali. Nilikuwa mkali kweli. Ukiwa mpole sokoni, unauza shati zima kwa bei ya vifungo vyake.

Kitabu nilikipata kwa muuza karanga. Marobota ya mitumba yalikuja na maajabu ndani yake: soksi za mguu mmoja, mikanda ya mbwa, vitabu vya Kizungu. Vitabu hakuna aliyevitaka kwa kusoma. Walivichukua wauza karanga na vitumbua, wakavichana karatasi za kufungia. Huyu wa kwetu alikuwa ameshakula jalada na kurasa kama arobaini za mwanzo nilipokiona mkononi mwake.

"Kaka, hicho kitabu nipe."

"Dada, hiki ndiyo mtaji wangu wa wiki hii."

Nikampa rundo la magazeti niliyokuwa natandika chini ya nguo, akaniachia. Kwa hiyo jina la kitabu sikulijua, wala la mtunzi wake. Hadithi ilianza katikati ya sentensi. Kulikuwa na nchi ya barafu, kulikuwa na mfalme mbaya aliyekaa peke yake ndani ya mnara, na kulikuwa na wanyama wa huyo mfalme: wakubwa kama ndama, macho ya njano, wanaelewa maneno ya watu, na askari wake wanawapanda mgongoni kwenda kuchoma vijiji. Nikasoma kurasa mbili nimesimama. Mteja akanipita na pesa yake mkononi, sikumwona.

Mchana jua likishakuwa kali sokoni hakuna mtu. Nilikuwa nakaa chini ya turubai, mwanangu mapajani, namsomea kwa Kiswahili. Jicho linasoma Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili, hapo hapo, bila kusita. Jirani yangu wa meza ya pili, aliyekuwa akiuza magauni, alikuwa anaacha kupanga nguo ili asikilize. Nilikuwa hodari, na sioni haya kusema hivyo. Shule nzima nilikuwa wa pili kwa Kiingereza, na wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumpa yule mnyama jina. Kwetu hayupo. Mbweha ni mdogo, kazi yake kuiba kuku, huwezi kumpandisha askari. Fisi angefaa kwa kila kitu: ukubwa, ubaya, hata ule upandaji, maana Handeni nzima inajua kwamba mchawi akitaka kusafiri hampandi punda, anampanda fisi. Na hapo hapo ndipo nilipomkataa fisi. Mume wangu ni mtu wa Handeni. Nilijua mtoto akienda kwa bibi yake akasema, "Mama ananisomea habari za fisi wanaopandwa," patachimbika. Nikachukua neno la kamusi, mbwa mwitu, ingawa huku kwetu hilo ni jina la mnyama mwingine. Nikajipongeza kwa busara yangu.

Sasa kitabu kila kilipowataja hakikusema mbwa mwitu tu. Kilisema fell. Mbwa mwitu fell wameshuka mlimani, mbwa mwitu fell wamezingira daraja. Kidato cha kwanza nilichapwa fimbo kwa ajili ya neno hilo: fall, fell, fallen. Anguka, alianguka, ameanguka. Sikuhitaji kamusi. Mbwa mwitu walioanguka. Miaka mingi baadaye, kwenye kamusi nene ya mwalimu mmoja, nilikuja kuona kwamba kuna fell nyingine, neno la zamani, maana yake katili, wa kutisha. Fimbo ile haikunifundisha hiyo. Nilikasirika siku nzima.

Lakini wakati ule nilikuwa na walioanguka, na mwanangu akauliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza.

"Mama, wanaangukaje?"

Ningesema sijui. Watu wa namna yangu hawasemi sijui. Nikamweleza kwamba mbwa mwitu hawa kabla hawajamrukia mtu wanajitupa chini, wanageuza macho, wanakaza miguu, wanakoroma kama wanakufa. Mtu akisogea kuwaangalia, ndipo wanapoinuka, wamekuwa wakubwa mara mbili. Nilitunga hapo hapo na ilikuwa nzuri kuliko kitabu. Jirani wa magauni akasema, "Mungu wangu!" Mwanangu akashuka mapajani, akajitupa chini pale pale kwenye vumbi, macho juu, miguu kama vijiti, akakoroma. Tulicheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo ukawa ndiyo mchezo wake. Anaangukia kwenye nguo, anaanguka mlangoni, mara moja alianguka mbele ya mteja, yule mama akanunua fulana mbili kwa mshtuko.

Wakati wa mavuno mama mkwe aliagiza mjukuu wake akakae naye Handeni. Sikuwa na neno. Bibi akimtaka mjukuu hukatai, hata uwe mkali namna gani. Nikampeleka, nikarudi sokoni.

Siku ya nne, utingo wa gari la Handeni akaja mpaka mezani kwangu. Hakukaa.

"Mama mkwe wako anasema mtoto kaguswa na ndege. Uje. Ila usije na habari za sindano."

Mzazi yeyote wa kwetu analielewa neno hilo. Degedege hatulitaji kwa jina lake mtoto akiwa nalo, tunaogopa litasikia, tunasema ndege. Na wazee wengi wanaamini mtoto aliyeguswa akipigwa sindano anakufa, kwa hiyo hospitali inakuwa ya mwisho, na mara nyingi ya mwisho inakuwa imechelewa. Nikamwachia jirani meza yangu. Njia nzima nilikuwa natafuta homa kwenye kumbukumbu zangu: alikohoa? Alikataa chakula? Hata chembe ya wazo la kitabu haikunijia.

Nilifika kama saa tano. Mwanangu alikuwa uani kwenye mkeka, amezungushiwa kaniki, hirizi shingoni, ananuka moshi wa mavi ya tembo. Usicheke, ndiyo dawa yenyewe, na haipatikani kirahisi. Mama mkwe alikuwa ameketi kando yake. Pembeni alisimama mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa akimletea maziwa kila asubuhi kutoka kwenye boma lao la upande wa mbugani. Kibuyu kilikuwa kitupu tayari, ila hakuwa na haraka ya kuondoka. Nani anaondoka pakiwa na jambo?

Nikamshika mwanangu paji la uso. Baridi kama mtungi. Nikamwangalia macho. Alikuwa amenuna. Mtoto mgonjwa hanuni hivyo. Mnuno ule ni wa mtoto aliyezuiwa kucheza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usimpapase, utamfuta dawa."

"Imeanza lini?"

"Juzi. Alianguka pale kwenye magunzi. Macho juu, miguu kakaza, anakoroma. Jana mara mbili. Nimemfukiza, nimemkosha. Fundi wa ndege anakuja adhuhuri kumchanja."

"Kwa wembe gani?"

"Kwa wembe wake wa kazi."

"Huo huo anaochanjia watoto wa kijiji kizima?"

"Ulitaka awe na wembe wa kila mtoto, yeye ana duka?"

Ilikuwa miaka ambayo tunazika vijana kila wiki kwa ukimwi. Kila ukuta wa zahanati ulikuwa na picha ya wembe umepigwa mstari mwekundu. Hata wasiojua kusoma walikuwa wanaielewa picha ile. Nikasema, sikuomba, nilisema, "Mama, mwanangu hachanjwi."

"Mwanao," akasema, wala hakupandisha sauti. "Mimi nimezika wawili kwa ndege. Wa kwanza nilisubiri baba yake arudi. Wa pili nilisubiri kukuche. Huyu sisubiri."

Habari ile nilikuwa naijua juu juu, mume wangu alinigusia mara moja akabadili mazungumzo. Sikuwahi kuisikia kwa kinywa cha mwenyewe. Ni vigumu kumkasirikia mtu aliyezika wawili. Nilijitahidi, nikaweza nusu.

Nikamgeukia mtoto. "Ulikuwa unafanya nini ulipoanguka?"

"Nilikuwa mbwa mwitu."

"Mbwa mwitu gani?"

"Si ndiye yule wako wa kuanguka!" Akanikasirikia kabisa, kama vile mimi ndiye mjinga wa uani pale.

Nikajua kila kitu, nikamgeukia mama mkwe nikitabasamu. Nilidhani kesi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza nimeiwasha. Mama mkwe alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Anasema yeye ni mbwa mwitu! Na wewe ndiye mwenye huyo mbwa!"

"Mama, ni hadithi. Ipo kwenye kitabu."

"Msambaa na kitabu chake! Nilimwambia mwanangu oa hapa hapa, akanijibu huyu amesoma!"

Ndipo yule mama wa maziwa alipoangua kicheko. Alicheka mpaka shanga zake zikalia.

"Mbwa mwitu anaanguka?" akaniuliza. "Wewe mama wa Korogwe umemwona wapi anaanguka?"

"Yeyo," nikamwita, yaani mama kwa Kimasai, "hawa si wa huku. Ni wa nchi ya barafu. Wanapandwa na askari wa mfalme."

"Wanapandwa!" Akacheka tena. "Sikiliza. Mbwa mwitu ameshanilia ndama akiwa bado amesimama kwa miguu yake minne. Simpendi. Lakini haanguki, na hapandwi. Hana bwana. Anayepandwa na kutumwa ni yule wa nyumbani, mliyemfuga nyinyi. Mbwa mwitu akienda kuwinda, anarudi kuwatapikia nyama wadogo, na yule aliyevunjika mguu akabaki na watoto, naye anapewa. Hicho kitabu kimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuchunga."

Kitabu kizima, kurasa zote zile, kiliwafanya wabaya kwa kosa la kutii, na huyu mama asiyesoma alikuwa amelitambua kwa kusikia sentensi mbili. Lakini jua lilikuwa linapanda kuelekea utosini, na fundi alikuwa njiani.

"Mama," nikamwambia mkwe wangu, "niruhusu nimsimulie hapa hapa mbele yako. Utaona anaanguka kwa hadithi. Ugonjwa hausubiri hadithi."

Akafikiri. "Simulia."

Nikasimulia. Daraja, barafu, mfalme kwenye mnara. Mwanangu akatupa kaniki kule. Nilipofika kwenye mbwa mwitu walioanguka, akaanguka. Nani alimfundisha kuanguka vizuri vile kama si mimi? Macho meupe matupu, miguu imekaza, povu kidogo la mate. Mama mkwe alipiga yowe akammwagia kata nzima ya maji.

"Umeona? Umemwita! Umemwita kwa mdomo wako mwenyewe!"

Mtoto akainuka amelowa, analia kwa hasira. "Bado sijawa mkubwa mara mbili!"

Na fundi wa ndege akabisha hodi.

Alikuwa mama mtu mzima, mfupi, amejitanda khanga mbili, kikapu mkononi. Tukamwamkia wote. Akaketi kwenye kigoda, akatoa chupa ya dawa, akatoa kitambaa, akafungua kitambaa. Wembe ulikuwa na kutu pembeni. Nilikuwa nimeshaamua kwamba akinyanyua mkono, nitaunyakua ule wembe hata unikate, na ndoa ivunjike siku hiyo hiyo.

Mama wa maziwa ndiye aliyesema. "Msimulie tena. Wasianguke. Kama ndege yupo, ataanguka tu, ndege hasikilizi. Kama hayupo, tutaona."

Mama mkwe akamtazama fundi. Fundi akatikisa kichwa kukubali, wembe bado upo kwenye kitambaa. "Mimi sina haraka," akasema, "ila jua lina haraka."

Hebu fikiria. Mtoto wa miaka minne ambaye mchezo anaoupenda kuliko yote duniani ni kuanguka. Nimemfundisha mimi. Sasa nimsimulie ile ile, na asianguke. Na sikuweza kumkonyeza, wanawake watatu wananitazama usoni.

Nikaanza. Mfalme kwenye mnara. Barafu. Askari wamekusanyika. Mwanangu akapiga magoti, akashika chini kwa mikono, tayari. Mgongo unatetemeka kwa hamu. Nikasema, "Mbwa mwitu wakashuka mlimani. Wakafika darajani. Wakasimama."

Akanitazama. Anasubiri.

"Wakasimama," nikarudia, "hawana bwana, hawapandwi na mtu. Wakawapelekea nyama watoto wao."

Mama mkwe alikuwa ameinama mbele, kata ya maji mkononi. Goti la mwanangu likateleza, bega likashuka, moyo wangu ukashuka nalo. Kisha akakaa kitako, akafuta pua kwa kiganja.

"Umeruka," akasema.

"Sijaruka."

"Umeruka! Hapo wanaanguka. Halafu mfalme ndiyo anapiga baragumu. Unasoma vibaya!"

"Hawaanguki siku hizi."

"Wanaanguka! Bibi, mwambie mama asome vizuri. Si wanaanguka? Na nyama hakuna! Nyama umeiweka wewe!"

Aliendelea. Alinieleza hadithi yangu yote toka mwanzo, pale palipo na daraja na pale palipo na mnara, kidole juu kama karani wa mahakama, na kila alipofika pa kuanguka alisimama wima ili anionyeshe mahali nilipokosea. Hakuanguka. Ubishi ulikuwa umemjaa, mchezo haukupata nafasi.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaukunja ule wembe kwenye kitambaa chake, polepole, akaurudisha kikapuni.

"Ndege akimgusa mtoto hamwachii mdomo," akasema. "Mimi nachanja wagonjwa. Wabishi wapelekeni madrasa."

Mama wa maziwa akapiga makofi. Mimi sikucheka. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikamvuta mwanangu, nikamkagua kifua, mgongo, nyuma ya masikio, viungo vyote ambavyo wembe hupenda. Hakuna hata mkwaruzo. Yeye alikuwa bado ananiuliza kwa nini nimetia nyama.

Mama mkwe hakusema kwamba alikosea, na sikumtegemea aseme. Aliingia jikoni, akapika ugali na mlenda, akamtengea mtoto peke yake sinia zima, akakaa kumtazama anavyokula mpaka akamaliza. Nilimwona anahesabu kila tonge linavyoshuka. Nikajua anawahesabia na wale wawili.

Kesho yake tuliondoka. Barazani alinishika mkono.

"Moshi wangu ndio uliomponya," akasema. "Asubuhi ile ulipofika, ndege alikuwa ameshatoka. Wewe ulikuta mabaki."

Mdomo wangu ulifunguka, mnanijua. Kisha nikaufunga. Hivyo ndivyo anavyoisimulia mpaka leo, kwenye misiba, kwenye harusi, mbele yangu, kwamba alimtoa mjukuu wake mdomoni mwa ndege kwa moshi wa siku mbili. Simbishii. Kifua cha mwanangu hakina alama.